Saa Mbili za Nani?

Jioni moja nilikuwa barazani Ujiji kwa mzee muuza mawese, zimebaki siku tatu nirudi kwetu Mtwara. Mkewe alikuwa akinifungia zawadi: migebuka ya kubanika, imepangwa kichwa kwa mkia ndani ya boksi la sabuni, gazeti likitenganisha safu na safu. Mzee akamtazama anavyokaza kamba, kisha akanigeukia. "Mwalimu, kutoka hapa mpaka kwenu ni siku ngapi?"

Nikatoa simu. Nikaandika Kigoma upande mmoja na Mtwara upande wa pili, na kabla hajamaliza kutafuna kashata yake jibu lilikuwa limekuja: kilomita 1,310 kwa ndege, muda wa saa mbili. Nikamsomea kwa sauti, na nakiri nilikuwa na majivuno kidogo, utadhani ni mimi niliyeifupisha nchi.

"Ndege hiyo ipo?"

"Haipo, mzee. Napitia Dar es Salaam."

"Na hapo Dar unaunganisha siku hiyo hiyo?"

"Ratiba hazikutani. Nitalala."

Akajifuta mikono kwenye msuli wake. "Sasa hizo saa mbili ni za nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka kiwanja cha Kigoma hadi cha Mtwara, urefu wake ndio huo. Ukiugawa kwa mwendo wa ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400, inayokata kama kilomita 660 kwa saa, zinatoka saa mbili. Lakini abiria anayepitia Dar es Salaam uzi wake una kiwiko: karibu kilomita 1,080 kwenda mashariki, halafu 400 kushuka kusini, jumla kama 1,480. Anayekwenda kwa basi hukaribia 2,000. Miji ni ile ile, haijahama hata hatua, na tayari umbali umekuwa wa aina tatu. Na katika hizo tatu hakuna hata moja iliyotaja ule usiku wa Dar es Salaam.

Swali la mzee ni la zamani kuliko ndege. Waliosafiri kwa miguu, kwa ngamia na kwa tanga walilikuta njiani, na kila kundi likalijibu kwa namna yake. Ninataka kuyaweka majibu hayo bega kwa bega na lile la simu yangu, nione lipi linamjali anayesafiri.

Nianze na msikitini, maana huko swali la umbali lina hukumu ndani yake. Msafiri Mwislamu ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, basi lazima ijulikane nani ni msafiri na nani katoka tu kwenda sokoni. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, walichukua urefu: marhala mbili, yaani farsakhi 16, ambazo kwa vipimo vya leo ni kilomita 80 na ushei. Wafuasi wa Abu Hanifa walichukua muda: mwendo wa siku tatu, kwa hatua za kawaida za mtu wa miguu au ngamia. Na wakaongeza jambo ambalo mtu aliyewahi kupanda Uluguru ataliheshimu: mlimani, siku tatu hizo huhesabiwa kwa mwendo wa mlimani, hata kama njia hiyo ingekuwa tambarare ingekwisha mapema zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Kipimo cha urefu kina uadilifu wake: hakimpendelei mwenye farasi wala hakimwonei mwenye kidonda mguuni. Kipimo cha muda kina ukweli wake: kinakubali kwamba mlima ni mlima. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliliona tatizo likija kutoka mbali. Katika kitabu chake Minhaj aliweka kwamba bahari ina hukumu ya nchi kavu, na kwamba mtu akiyakata masafa hayo baharini kwa saa moja tu, bado ni msafiri na atapunguza sala. Hakuwa na habari ya injini wala bawa la bati, lakini hukumu yake ingemtosha abiria wa leo, ambaye anazimaliza marhala mbili kabla taa ya mkanda haijazimwa. Kwa Nawawi, kufika haraka hakukufanyi uwe hukusafiri.

Msafara wa bara ulikuwa na shule yake nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa pwani waliotembea kati ya Bagamoyo na Ujiji hawakuwa na haja ya farsakhi. Walihesabu kambi. Asubuhi kiongozi hutangulia, mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, hupanda kichwani au begani, na jua likishakuwa kali watu hutua. Penye ukame ambapo kambi ya kawaida haina maji, msafara huterekeza: hutoka tena mchana, hutembea hadi giza, hulala na maji yaliyobebwa, na kuamkia safari alfajiri. Kwa hiyo siku moja ya Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, haikuwa sawa na siku moja ya kando ya mto Malagarasi, na kila mpagazi alijua. Neno siku lilibeba ndani yake maji, kivuli na uzito.

Lilibeba pia fedha. Ugogo kulikuwa na hongo, na neno hilo halikuwa na aibu lililo nayo leo: ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, iliyolipwa kwa vitambaa na shanga baada ya mabishano ambayo huenda yakala siku mbili au tatu. Siku hizo nazo zilikuwa sehemu ya njia. Kulikuwa na posho, kulikuwa na ndui, kulikuwa na vita. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaiona Ujiji Februari 1858. Mpelelezi mwenzao Henry Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 na kuingia Ujiji Novemba. Ukiichukua kalenda ya Stanley utaona kwamba kipande kirefu cha miezi hiyo hakutembea: alikwama Tabora, kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa mji huo na barabara imefungwa. Angeulizwa umbali kutoka pwani hadi Ujiji, asingeweza kusema ni miezi mitano kwa kuitoa ile ya Tabora. Vita ya Mirambo ilikuwa imelala katikati ya njia kama mto uliofurika.

Kuna mtu mmoja aliyesafiri kati ya ncha mbili hizi zangu hasa, ingawa alielekea upande wa pili. Mpelelezi David Livingstone alishuka Mikindani, kilomita chache kutoka kilipo kiwanja cha Mtwara leo, mwaka 1866. Akafika Ujiji, mwendo mfupi wa bajaji kutoka kiwanja cha Kigoma, Machi 1869. Kati ya hapo aliufuata Ruvuma, akalipitia Ziwa Nyasa, akazunguka Mweru na Bangweulu akitafuta maji yanakoelekea. Miaka mitatu kwa saa mbili za simu yangu. Na mizigo yake, aliyoitanguliza Ujiji kutoka Unguja, aliikuta sehemu kubwa imeshaibwa. Anayedhani kupotelewa na mizigo kulianza na viwanja vya ndege amkumbuke bwana huyo.

Mtu atasema si haki kumlinganisha Livingstone na ndege, kwa kuwa alizunguka kwa hiari yake, akichungulia mito. Ni kweli. Lakini hata mimi sikuwa na haja ya kwenda Dar es Salaam. Yeye alizungushwa na swali la chanzo cha Nile. Mimi nilizungushwa na umbo la mtandao wa ndege, ambao kama reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, umejengwa kuifikisha kila pembe ya nchi bandarini, wala si kuzikutanisha pembe zenyewe. Mtu wa Kigoma na mtu wa Mtwara ni majirani wa mji wa tatu.

Sasa tushuke baharini, maana kipande cha pili cha safari yangu, Dar es Salaam hadi Mtwara, ni njia ya majahazi tangu enzi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kwa zam, saa tatu za kusafiri, nane kwa usiku na mchana. Hiyo zam ndiyo zamu yetu: zamu ya mlinzi, zamu ya muuguzi, zamu ya kuchota maji bombani. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar katika Ras al-Khaimah ya leo, na aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha unahodha karibu mwaka 1490, aliijua pwani hii hadi Sofala. Wanamaji wa mapokeo yake walitofautisha zam mbili. Ya kwanza ni ya urfi, ya mazoea: saa tatu za kweli baharini, upepo uwe mkali au umelala. Ya pili ni ya istilahi, ya wataalamu: sehemu ya nane ya kidole kimoja cha nyota. Nahodha alinyoosha mkono, akapima nyota imepanda vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Duara zima likiwa na vidole 224, kidole kimoja ni kama kilomita 179 juu ya maji, na zam ya istilahi kama 22.

Kati ya Dar es Salaam na Mtwara mna vidole viwili na kitu kidogo, yaani zam 18 hivi. Siku mbili na robo, kwa istilahi. Kwa urfi, itategemea umeondoka mwezi gani. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, tanga linajaa na jahazi linashuka kusini lenyewe. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, anayekwenda Mtwara anashindana na upepo, huku akirudishwa na mkondo; afadhali atie nanga angoje. Na katika maleleji, pepo zinapopokezana, hakuna anayeweza kumwahidi mkewe siku. Mtwara kwenda Dar es Salaam mwezi Julai ni karibu. Dar es Salaam kwenda Mtwara mwezi huo huo ni mbali. Mtoto wa shule angefutiwa jibu hilo kwenye daftari la hesabu. Nahodha angepasua chombo kwa kutolijua.

Ninachokipenda kwa wanamaji hao ni kwamba hawakulazimishwa kuchagua. Waliziweka zam zote mbili, wakazipa majina, na wakajua ni wakati gani wa kutumia ipi. Ya istilahi ilimwambia nahodha yuko wapi. Ya urfi ilimwambia wali utatosha au hautatosha.

Mbali zaidi, katika Visiwa vya Caroline vya Bahari ya Pasifiki, watu walilipindua swali lenyewe. Katika utaratibu wanaouita etak, nahodha hujihesabu kuwa ametulia tuli, mtumbwi hauendi popote; visiwa ndivyo vinavyosogea. Huchagua kisiwa cha tatu, kilicho pembeni na kisichoonekana, akakifuatilia akilini kinavyorudi nyuma kutoka chini ya nyota moja hadi chini ya nyota nyingine, na kila nyota inayopitwa ni kipande cha safari kilichokwisha. Si ndoto za wazee: mwaka 1976 Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal aliiongoza ngalawa kubwa ya Hokule'a kutoka Hawaii hadi Tahiti, karibu mwezi mzima baharini, bila dira wala ramani. Nilipokuwa juu ya Tabora, nimefungwa mkanda, kikombe cha chai kimetulia mbele yangu na mawingu yakirudi nyuma dirishani, nilimwelewa Mau kuliko nilivyomwelewa mtu yeyote wa vitabuni. Sikuwa naenda. Nchi ndiyo ilikuwa inaletwa. Tofauti ni kwamba Mau alikuwa anahesabu, mimi nilikuwa nasinzia.

Urubani nao ni mapokeo, wenye zam zake mbili, ila moja huwa haitangazwi kwa abiria. Maili ya baharini wanayoitumia marubani ni ndugu wa kidole cha ibn Majid: ni dakika moja ya duara la dunia, na tangu mwaka 1929 imewekwa kuwa mita 1,852. Kwa maili hizo, Kigoma na Mtwara zimeachana kwa 700 na kitu. Hiyo ndiyo istilahi. Urfi yao ni muda unaoandikwa kwenye ratiba, nao hauanzi magurudumu yanapoiacha ardhi. Unaanza ndege inapoondolewa vigingi vya magurudumu na kuisha inapowekewa tena. Ndani yake mna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ndege nyingine itue, kupanda, kupinda, kuteremka. Kwa hiyo hata wenye ndege wanajua kwamba kungoja ni sehemu ya mwendo. Wanakubali kungoja kwa ndege. Kwa abiria, wameachia hapo hapo kwenye vigingi.

Jua nalo lina kasi yake juu ya njia hii. Mtwara iko mashariki ya Kigoma kwa nyuzi kumi na nusu, na jua hutumia dakika nne kwa kila uzi. Basi alfajiri inaondoka Mtwara na kufika Kigoma kama dakika 42 baadaye, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Saa kumi na mbili asubuhi, mtani wangu wa Mikindani anaweza kuiona rangi ya ngalawa yake. Ujiji, wavuvi wa dagaa bado wana taa zinawaka ziwani. Ukivuka ziwa hadi Kalemie, upande wa Kongo, saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Sisi tunaohesabu saa za mchana kuanzia macheo tungepaswa kuwa wa kwanza kulishuku neno "saa mbili". Katika Kiswahili neno hilo ni urefu wa muda na ni wakati wa asubuhi, na nimeshuhudia mtu mzima aliyeelimika akifika kiwanjani saa nane mchana na tiketi ya 08:00 mkononi.

Lugha yetu ilikuwa imeshalijibu swali la mzee kabla sijatoa simu. Mwendo ni namna mtu anavyotembea, na mwendo ni umbali anaoutembea; neno ni moja. Tukisema "ni mwendo wa siku mbili", hatujasema barabara ina urefu gani, tumesema mtu atakuwa safarini kiasi gani, na huyo mtu ana miguu, njaa na mzigo. Mzee hakuuliza kilomita ngapi. Aliuliza siku ngapi.

Simwambii mtu aidharau ile 1,310. Bila kipimo kisichojali nani anasafiri, serikali haiwezi kupanga kiwanja kijengwe wapi, rubani hawezi kujaza mafuta, na Imamu Nawawi hawezi kuwapa tajiri na maskini hukumu moja. Ninachokataa ni kuilaza istilahi kitandani kwa urfi na kuifunika shuka. Mtu akiambiwa Kigoma na Mtwara ni saa mbili, ataamini tatizo la umbali nchini limekwisha, na mwenye kulala njiani ataonekana mzembe wa kupanga safari zake. Mabaharia wa zamani hawakumfanyia mtu hivyo. Walisema: zam ni 18, lakini sasa ni kusi.

Niliondoka Kigoma siku ya Alhamisi. Kwenye kaunta, kijana alilipandisha boksi la migebuka kwenye mzani, akanusa, akanitazama, akalibandika karatasi bila neno. Tulikuwa angani muda usiofika saa mbili hadi Dar es Salaam. Kesho yake mchana, kama saa moja tu hadi Mtwara, bahari upande wa kushoto muda wote. Jumla ya kuruka, chini ya saa tatu. Jumla ya safari, tangu nilipofunga mlango Kigoma hadi nilipobisha hodi kwetu, siku moja, usiku mmoja na sehemu kubwa ya siku ya pili.

Jioni ile nikampigia mzee. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, saa za kuruka na saa za kukaa, nikidhani safari hii nimemletea hesabu kamili. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na Dar ulilala kwa nani?"

Nikamwambia nililala kwa dada yangu, Buguruni. Alinisubiri macho hadi saa nne usiku, akanipikia ugali, na nusu ya migebuka imebaki kwake.

"Ahaa," akasema. Nikamsikia akimgeukia mkewe na kumwambia kwamba mwalimu amefika, na kwamba kwao si mbali.